Mkono wa Kumpigia Mama Kura

Saboti, Kitale
4 Julai

Dada Gladwell,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, Wahu na watoto wanakusalimu, mahindi yameanza kuchanua na mvua safari hii imetukumbuka.

Usishtuke kuona karatasi siku hizi za simu. Simu yangu si yangu tena, ni ya nyumba nzima. Meseji ikilia tu, watoto wanaikimbilia wakamsomee cucu, nyanya yao, kwa sauti, na ukinipigia lazima Mama aitwe akusalimie mpaka salio lako likatike. Kuna jambo sitaki alisikie, na karatasi ndiyo kitu pekee humu ndani ambacho hawezi kukisikia. Kimaiyo, yule dereva wa Rajesh wa hadwea, anapeleka simiti Chwele kila siku ya soko. Atakuachia dukani kwako, na ukijibu mpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Mama amesema mwezi ujao mimi ndiye nitakuwa mkono wake wa kupiga kura. Macho yamekwisha kabisa, Dada. Uchaguzi uliopita alikuwa bado anaona kivuli cha karatasi, akajipigia mwenyewe. Sasa hata mlango ukiwa wazi hajui. Sheria inamruhusu aingie na mtu wake. Akikosa mtu, msimamizi wa kituo anamwekea alama, lakini hapo lazima aseme kwa mdomo anayemtaka, na maajenti wa vyama vyote wamesimama hapo wanasikia. Ajenti wa Shoka unamjua. Ndiye aliyesema sokoni kwamba anazijua nyumba zetu moja moja.

Mama anataka suti. Unajua maana yake kwake: kutoka juu mpaka chini, karatasi zote sita chama kimoja, Mzinga, Mzinga, Mzinga. Na watu wa Shoka wanasema hadharani, tena kwa kipaza sauti, kwamba wakichukua ugavana mashamba ya wageni yatapimwa upya. Wageni ni sisi. Mimi nimezaliwa hapa Saboti na bado ni mgeni.

Sasa nashikwa na hofu. Kura ya Mzinga kwa gavana ni kura ya kutupa, kila mtu anajua. Lakini ni ya Mama. Nishauri.

Ndugu yako,
Muigai


Chwele, Bungoma
9 Julai

Muigai wa maitu, mtoto wa mama yangu,

Barua yako ilifika ikinuka simiti. Kimaiyo aliikabidhi kama pasipoti, nikampa chai na mandazi.

Sikiliza sasa, maana wewe ni mtu wa kuzunguka jambo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mukhisa wangu amefundisha hesabu miaka yote hiyo, na jioni amekaa na redio akapiga hesabu za kaunti yenu. Watu watatu wanataka kiti. Shoka na Daraja wanakimbia bega kwa bega. Mzee Mbogo wa Mzinga yuko nyuma kabisa, hawezi kushinda hata malaika wakipanga foleni. Kila kura anayopewa Mbogo ni kura ambayo Daraja ameikosa, na Daraja akikosa, Shoka anaingia. Wafanyabiashara wa huko Kwanza, kaunti yenu, wanaokuja kwangu kununua vitenge wanasema hivyo hivyo. Wameamua kumpigia Daraja kwa kiti cha gavana, hizo zingine kila mtu na chama chake.

Kwa hivyo mpigie Mama suti yake kwenye hizo karatasi tano. Ya gavana weka Daraja. Hataona, na wewe hutamwambia. Najua ninachosema, usinirudishie barua ya kuniuliza kama nimelewa.

Mimi sipigi kura huko, najua utasema hivyo. Lakini ni mama yangu pia, na kwenye lile shamba ndiko baba yetu amelala. Sitaki kumwona Mama akipakiwa kwenye lori mara ya pili kwa sababu ya picha ya mzinga kwenye karatasi.

Dada yako,
Gladwell


Saboti
18 Julai

Dada,

Siwezi. Nimejaribu kujiona nikifanya, nikashindwa.

Wewe ulikuwa mkubwa ule mwaka tuliochomewa nyumba, unakumbuka kuliko mimi. Tulilala kanisani mjini Kitale na Baba akafia hapo hapo sakafuni, homa, hakuna hata blanketi. Aliyeleta blanketi ni Mbogo. Aliyetafuta jeneza ni Mbogo. Aliyeturudisha kwenye shamba, akalala nasi nje usiku wa kwanza kwa sababu nyumba haikuwa na paa, ni Mbogo. Mama alimwapia Mungu siku ile kwamba kidole chake hakitagusa jina lingine maadamu Mbogo anasimama. Amemchagua akishindwa udiwani, akamchagua akishindwa ubunge. Juzi nilimchokoza, nikamwambia Mama, huyu mzee wako hajawahi kushinda hata bahati nasibu. Akacheka, kisha akaniambia, "Mimi sipigi kura ili nishinde. Napiga ili Mbogo ajue niko."

Unamdanganyaje mtu kama huyo?

Jambo la pili litakuchekesha, au litakuliza. Jumapili kulikuwa na mkutano kwa Zachary, mwenyekiti wa Mzinga tawi letu. Watu walijaa mpaka kwenye zizi. Kila mtu alisimama akasema yeye ni Mzinga damu, suti, hakuna kushona viraka. Mama alipigiwa makofi. Tulipotoka, mmoja alinivuta kando ya ua akaninong'oneza kwamba kwa gavana yeye ataweka Daraja, nisimwambie mtu. Mwingine akanivuta njiani, maneno hayo hayo. Zachary mwenyewe, akinifungulia lango, alinitazama akasema, "Tuangalie mbele, Muigai," akanibana mkono. Nikaelewa.

Mimi yangu na Wahu yake tutaweka Daraja, hiyo sina neno. Ya Mama niachie.

Muigai


Chwele
2 Agosti

Muigai,

Nimesikia walichofanya watu wa Shoka huko kwenu juzi. Ulidhani sitajua? Kimaiyo ameniambia malango ya wageni yamepakwa rangi nyekundu, na la kwetu limo. Wewe unaniandikia habari za mkutano wa Zachary, halafu lango la Mama limepakwa rangi na huniambii.

Basi nitasema vibaya, unisamehe baadaye. Mama ana haki ya kumshukuru Mbogo, lakini hana haki ya kumlipa kwa paa la watoto wako. Wewe ndiye mwanamume wa boma hilo. Mambo yakiharibika, nani atambeba Mama mgongoni usiku, Mbogo? Mbogo ana miaka mingapi? Atatafuta tena jeneza, hilo analiweza.

Ati kura moja haibadilishi kitu. Najua unajiambia hivyo. Na wote waliokaa kwenye zizi la Zachary wakijiambia hivyo, Shoka anaapishwa. Mukhisa anasema tofauti itakuwa ndogo sana, kura za kuhesabika kwa vidole.

Nimelia nikiandika hii. Sitaki kuwa mtu wa kumwibia mama yake. Lakini nikipima kumwibia na kumzika njiani, nachagua kumwibia, na nakutuma wewe, kwa sababu mkono ulio karibu ni wako. Dhambi iandikwe kwangu.

Choma barua hii.

Gladwell


Saboti
12 Agosti

Dada,

Nimefanya.

Alivaa lile sweta la kijani la Umoja wa Akina Mama na kitambaa kipya. Tulipitishwa mbele ya foleni kwa sababu ya macho, watu wakimsalimu njia nzima, "Mama Mzinga, Mama Mzinga." Niliapishwa mbele ya msimamizi kwamba nitaweka alama kama nilivyoambiwa na mwenye kura. Nikasema naapa.

Kwenye kibanda cha kura, mle darasani, aliniuliza Mbogo yuko wa ngapi kutoka juu. Nikamwambia wa pili, na wa pili alikuwa Daraja. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, tukashika kalamu pamoja, ati ahisi alama ikiingia. Mkono wake ulikuwa na joto. Tuliweka alama sisi wawili. Akasema asante, Mungu akubariki, kwa sauti ya chini ili maajenti wasisikie.

Sina la kuongeza.

Muigai


Chwele
19 Agosti

Muigai wa maitu,

Tumeshinda! Niliposikia Daraja ametangazwa nilikimbia nje na kanga moja, Mukhisa akanifuata na kiatu kimoja kimoja mikononi, majirani wakadhani nyumba inaungua. Umeona tofauti ilivyokuwa ndogo? Si tulisema? Umelala usiku wote bila kelele, lango limesuguliwa, mahindi yako yatavunwa na wewe mwenyewe. Ni wewe uliyefanya hivyo.

Nimempa Kimaiyo kifurushi cha Mama: kitenge cha maua makubwa, apapase hayo maua, yameshonwa kwa uzi mnene, na sukari na majani chai. Mwambie ni zawadi tu ya kuwa mzima.

Najua unaumia. Barua yako niliisoma nikaikunja haraka. Lakini siku moja tutamwambia, na atatupiga na ile bakora yake, halafu atacheka. Namjua Mama.

Dada yako mwenye furaha,
Gladwell


Saboti
22 Septemba

Dada,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa natumaini hakutakuwa na la kuandika.

Habari ya kwanza utakuwa umeisikia redioni. Gavana wetu wa Daraja ameunda serikali na wenzake wa Shoka. Wamepigana pambaja uwanjani Kitale, ati ni kwa ajili ya umoja wa kaunti. Waziri wa ardhi wa kaunti ni yule yule aliyekuwa akishika kipaza sauti kuhusu mashamba ya wageni. Wiki iliyopita watu walikuja na kamba za kupimia, wakasimama kwa Zachary, wakasimama kwetu. Walikuwa na adabu sana. Waliomba maji ya kunywa, Wahu akawapa.

Habari ya pili ni ya Mama.

Alhamisi Mzee Mbogo alikuja. Alikuja peke yake, amekonda, koti linamning'inia. Mama alimtambua kwa kukohoa kabla hajabisha. Nilimwekea kiti, Wahu akaleta chai. Walizungumza habari za zamani, za Baba, za kanisani, wakacheka kidogo. Nikadhani basi, ni ziara ya pole. Halafu alipokuwa anatafuta kofia yake akasema, bila hasira, ile sauti ya mtu aliyechoka, "Rosaline, kwenye darasa lako nilipata sifuri. Hata ajenti wangu hakunipigia. Nikasema sawa, ndio siasa. Lakini wewe pia?"

Mama akacheka. Alidhani ni utani. Mbogo akamwambia ile karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa darasa siku nzima, kila mtu aliiona. Mama akasimama. Akamwambia nilikupigia, mkono wangu ulikuwa kwenye kalamu, Mungu ni shahidi. Mbogo akampapasa bega, akamwambia usijali, nimeelewa, wakati ulikuwa mbaya. Unaona, Dada? Alimjibu vile anavyowajibu wote. Kila mtu wa hapa amemwambia alimpigia. Amechoka kusikia, na Mama amekuwa mmoja wao tu. Alikwenda zake akiamini kwamba Mama amemwongopea usoni.

Mama alibaki amesimama. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakuuliza kwa sauti. Aliniuliza nani alikuwa wa pili kutoka juu. Nikamwambia. Akauliza ni nani aliyenituma, kwa sababu ananijua, mimi si mtu wa kuanza jambo. Nikasema hakuna aliyenituma, ni mimi.

Tangu siku hiyo hali chakula changu. Wahu akimpa anapokea, nikimpa mimi anakiweka chini. Hataki nimshike mkono kwenda chooni, anafuata ukuta. Juzi alianguka kwenye ngazi ya jikoni, nikakimbia, akaniambia niache. Amemtuma mtoto mara mbili kwa Mbogo aje azungumze naye. Mbogo amejibu kwa adabu kwamba yuko na kazi.

Siku zote nilikuwa nikiwaza kwamba wakituchukulia shamba nitakuwa nimeshindwa. Sasa shamba bado liko, nalitazama kupitia dirisha, na sijui nilikuwa namlindia nani.

Jina lako sikulitaja. Haisaidii Mama atupoteze sote wawili. Fanya unavyoona.

Muigai


Chwele
27 Septemba

Muigai,

Nimesoma barua yako mara nyingi na sijampa Mukhisa aisome. Yeye na hesabu zake.

Hutabeba hii peke yako, hiyo sikubali. Mimi ndiye niliyekusukuma. Ulikataa, nikakukejeli, nikakuita mwanamume wa boma ili uone aibu, nikaandika dhambi iandikwe kwangu kama mtu anayeagiza soda kwa deni. Sasa deni limekuja na wewe ndiye unayelipa.

Nitamwambia Mama. Nitamwandikia mwenyewe, Beth wa kanisani amsomee, na kwa Mbogo pia nitaandika, ajue Mama hakusema uongo. Aweke chini chakula changu pia. Nipe siku chache nitafute maneno.

Wewe endelea kumwekea chakula, hata kama hali.

Gladwell


Saboti
28 Septemba

Kwa binti yangu Gladwell,

Anayeandika ni Beth, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe.

Kitenge chako nilikipapasa. Ni kizuri. Nimekivaa Jumapili.

Mwanangu, ndugu yako amenivua nguo mbele ya watu. Utakuwa umesikia, au hujasikia, sijui anakuambia nini. Mimi simlaumu kwa kumpenda mtu wa Daraja. Kila mtu na kura yake. Zachary na wengine wote waliogopa, wakafanya la woga, na mimi siwahukumu, nilikuwa nikiwaombea woga uwapungue. Lakini mimi sikuogopa, Gladwell. Nilijua lango limepakwa rangi. Watoto walikuwa wakinong'ona, nami nilisikia harufu ya rangi asubuhi ile, nikaenda nikaligusa kabla halijakauka. Nikanawa mikono, nikanyamaza. Nilikuwa nimeamua kwamba kama ni kuondoka tena, nitaondoka nikiwa nimemlipa Mbogo blanketi lake. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho cha kumlipa. Ningeweza kukisema kwa mdomo mbele ya maajenti wote, wanifanye watakavyo. Muigai ndiye aliyeniomba niache, ati anajali maisha yangu. Nikamwamini, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

Sasa Mbogo haji. Atakufa akijua kwamba na mimi nilikuwa katika ile sifuri.

Hapa siwezi kukaa. Usiku namsikia Muigai akipita mlangoni, anasimama, anakwenda. Simchukii. Nimeshindwa tu kumpa mkono, na mtu kipofu asiyeweza kutoa mkono kwa mtoto aliye naye nyumbani atakaaje humo? Shamba ni lake, alilitaka, akae nalo. Nataka kuja kwako. Nikifa mnirudishe kwa baba yenu kama watakuwa hawajalipima.

Nakuomba kitu kimoja, si chakula, si kitanda. Nataka mtu wa kunishika mkono ambaye hajawahi kunidanganya. Nimepiga hesabu ya watoto wangu na umebaki wewe. Niambie kama kwako mtu huyo yuko.

Mama yako,
Rosaline


Chwele
5 Oktoba

Mama mpendwa,

Barua yako imefika. Mshukuru Beth, ana mwandiko mzuri.

Njoo. Mukhisa amekwisha kukipaka rangi chumba cha nyuma, kile cha karibu na choo, hakina ngazi hata moja. Kanisa liko ng'ambo ya barabara, utasikia kengele ukiwa kitandani. Kimaiyo atakuleta siku ya soko, utakaa mbele kando yake, nimeshamwambia aendeshe polepole kwenye yale mashimo ya kwanza. Lete sweta lako la kijani, huku asubuhi kuna baridi pia.

Habari za Mzee Mbogo zimeniumiza. Nilikuwa nimeanza kumwandikia, kisha nikaona nisiingilie mambo ya wazee. Muda utamfundisha.

Usimwekee Muigai kinyongo moyoni. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husikiliza maneno ya huku na huku. Kuna jambo nilitaka kuongeza hapa, lakini ni refu na sitaki kumchosha Beth.

Umeuliza kama kwangu yuko mtu wa kukushika mkono ambaye hajawahi kukudanganya. Yuko, Mama. Ni mimi.

Mtoto wako,
Gladwell